Maswali kwa Daktari: U.T.I isiyokwisha, mkojo unaochoma na chupa ya shilingi 45,000

Barua zilizonifikia tangu toleo lililopita zimefanana mno, nami nimeona ni heri nizijibu kwa mkupuo mmoja. Karibu zote zinahusu maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo siku hizi hata bibi wa kijijini huyaita U.T.I, tena mara nyingine kwa maradhi yasiyohusiana kabisa na mkojo. Nimechagua sita. Majina nimeyaacha kwa makusudi, na barua ndefu nimezifupisha bila kubadili maana yake.

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 31, ninaishi Temeke. Tangu mwezi wa pili nimepimwa mkojo mara nne na mara zote nimeambiwa nina U.T.I. Kwanza nilipewa sipro, mara ya pili azithromaisini, mara ya tatu sindano tano, na juzi nimeambiwa imeshakuwa U.T.I sugu, nichome sindano kumi. Ninachosikia ni uchovu, kiuno kuuma nikiinama kufua, na homa za usiku zinazokuja na kuondoka. Mkojo hauniumi. Karatasi ya mwisho imeandikwa seli za usaha 6 hadi 8 na seli za ngozi nyingi. Jirani ameniletea namba ya mtu anayeuza dawa ya U.T.I sugu, chupa shilingi 45,000. Nifanye nini?

JIBU: Mdogo wangu, kabla hatujafika kwenye sindano kumi na hiyo chupa, naomba turudi kwenye sentensi fupi uliyoiandika kama jambo la kupita tu: "Mkojo hauniumi." Kwa mtu wa kazi yangu, hiyo ndiyo sentensi nzito kuliko zote katika barua yako. Kibofu kilichoshambuliwa na bakteria hakinyamazi. Mwenye maambukizi ya kibofu husikia kuchomwa anapokojoa, hubanwa ghafla na mara kwa mara hata kama kinachotoka ni matone machache, huumwa chini ya kitovu, na pengine huona mkojo wake umeingia ukungu au damu. Wewe huna hata moja kati ya hayo. Ulicho nacho ni kiuno kinachouma ukiinama, uchovu, homa za usiku, na karatasi ya maabara.

Basi tuisome karatasi hiyo pamoja. Seli za usaha ni chembe nyeupe za damu ambazo mtaalamu wa maabara huzihesabu anapotazama mkojo kwa hadubini. Zikizidi kiwango, zinaonyesha kwamba mahali fulani, kuanzia kwenye figo hadi mlangoni mwa uke, mwili unapambana na jambo. Hazisemi ni mahali gani, wala hazithibitishi kwamba pana bakteria. Majimaji ya kawaida ya ukeni nayo huwa na chembe hizo. Seli za ngozi, ambazo kwako zimeandikwa kuwa ni nyingi, hazikutoka kwenye kibofu, bali kwenye ngozi ya sehemu za siri, na zikiwa nyingi maana yake ni kwamba mkojo uliigusa ngozi hiyo kabla ya kuingia kwenye kichupa. Karatasi unayotakiwa kuchomewa sindano kumi, ikisomwa ipasavyo, inasema tu kwamba mkojo haukuchukuliwa vizuri na kipimo kirudiwe.

Siwalaumu wagonjwa kwa hilo. Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo mama alikabidhiwa kichupa dirishani, akaonyeshwa kwa kidole choo kisicho na bomba, akarudi na kichupa kimejaa hadi juu, nacho kikawekwa kwenye ukingo wa dirisha, juani, kikimngoja mwenye maabara amalize chai. Bakteria aina ya E. koli, akiwa katika joto na mazingira yanayomfaa, hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi, yaani mmoja huwa wanane kwa saa moja na 64 kwa saa mbili. Kichupa cha namna ile huweza kupata U.T.I hata kama mwenye mkojo hana. Inavyotakiwa ni kwamba unawe mikono, usafishe sehemu za siri kwa maji safi kutoka mbele kwenda nyuma, utenganishe mashavu ya uke kwa vidole, uache mkojo wa mwanzo uende chooni, ukinge ule wa katikati bila kichupa kugusa mwili, kisha umalizie uliobaki chooni. Kichupa kifike maabara ndani ya saa moja, na kikichelewa kiwekwe kwenye friji.

Shaka ikibaki, kipimo kinachokata shauri ni kuotesha mkojo, ambapo maabara huusubiri siku mbili au tatu ili kuona ni mdudu gani anaota, ni kwa wingi gani, na ni dawa ipi inayomuua. Kipimo hiki hakipatikani katika kila zahanati na bei yake ni kubwa kuliko ya kipimo cha kawaida, lakini hesabu mwenyewe ulichokwisha kutumia tangu mwezi wa pili. Hata hapo, bakteria wakiota kwa mtu asiye na dalili yoyote ya mkojo, kwa kawaida hatumtibu, isipokuwa mjamzito na anayekaribia kufanyiwa upasuaji wa njia ya mkojo. Dawa alizopewa bure bure humuua bakteria mlinzi wa ukeni, fangasi wakapata nafasi, mwanamke akaanza kuwashwa na kuungua, akarudi kupima, akaambiwa ile U.T.I haijapona. Mzunguko huo nimeuona mara nyingi kiasi kwamba mgonjwa akiniambia "U.T.I sugu", swali langu la kwanza huwa ni dawa ngapi amekwisha kumeza.

Neno hilo "sugu" nalo limetuponza, kwa sababu linabeba mambo mawili tofauti. Kuna maambukizi yanayojirudia, ambayo kitabibu ni mara mbili au zaidi ndani ya miezi sita, au mara tatu au zaidi kwa mwaka, kila mara yakiwa na dalili zake na yakiwa yamethibitishwa. Na kuna bakteria aliyekuwa sugu, yaani dawa fulani haimuui tena. La kwanza ni tabia ya ugonjwa na la pili ni tabia ya mdudu, na hakuna hata moja linalojulikana kwa kuhesabu seli za usaha. Wauza chupa wanafaidika kwa kuyachanganya.

Zimebaki homa zako, ambazo ndizo zinazonisumbua zaidi. Nchini kwetu homa isiyo malaria huitwa ama taifodi ama U.T.I, kana kwamba hakuna maradhi mengine. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa kwa watoto 1,005 wenye homa Dar es Salaam na Ifakara, ambapo takriban sita katika kila 100 walikutwa na maambukizi ya njia ya mkojo na wasiofika wanne walikuwa na taifodi, huku wengi wao wakiwa na magonjwa ya virusi. Wewe si mtoto, lakini funzo ni lile lile. Homa za usiku za miezi kadhaa pamoja na uchovu zinahitaji kupimwa kifua kikuu, hata kama kikohozi ni kidogo, pamoja na VVU, malaria na wingi wa damu. Nenda kituo cha afya wiki hii, uchukue na karatasi zote nne. Sindano kumi usichome kwanza. Iwapo ni zile za jentamaisini, ambazo hutumika sana kwa jina la U.T.I, zikirudiwa bila uangalizi zinaweza kuumiza figo na masikio. Na chupa isiyoandikwa kilichomo ndani, mdogo wangu, mrudishie jirani namba yake.

SWALI: Shikamoo Daktari. Nina miaka 21, ni mwanafunzi wa chuo Dodoma. Leo ni siku ya tatu, nikikojoa nasikia kama nimemwagiwa pilipili, na kabla sijafika kitandani nataka tena, lakini yanatoka matone tu. Jana jioni mkojo ulikuwa na wekundu kidogo. Sina homa, sina uchafu ukeni wala siwashwi. Vyoo vya hosteli ni vichafu, kwa hiyo sinywi maji mchana na huwa najibana tangu asubuhi mpaka jioni. Wenzangu wanasema nimeambukizwa chooni. Naona aibu kwenda hospitali, watadhani ni mambo ya wanaume. Ninunue dawa gani?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Mwenye barua iliyotangulia angekuwa na dalili zako, nisingemsumbua kwa maelezo marefu. Mwanamke anayechomwa anapokojoa na kubanwa kila mara, huku hana uchafu wala mwasho ukeni, ana uwezekano unaozidi asilimia 90 wa kuwa na maambukizi ya kibofu, na daktari anaweza kumtibu kwa maelezo hayo peke yake. Damu kidogo wakati huo haishangazi, kwa kuwa utando wa ndani wa kibofu umechubuka, ila lazima iishe pamoja na ugonjwa; isipoisha, urudi upimwe.

Tuondoe kwanza kesi ya choo. Mara nyingi mhalifu ni E. koli, bakteria anayeishi kwa amani ndani ya utumbo wako mwenyewe. Kutoka njia ya haja kubwa hadi tundu la mkojo la mwanamke ni karibu mno, na mrija unaotoka hapo hadi kwenye kibofu una urefu wa sentimita nne hivi, wakati wa mwanamume unafika sentimita 20. Bakteria harukii juu kutoka kwenye shimo la choo, na anayegusa sinki la choo hugusa kwa mapaja, siyo kwa mrija wa mkojo. Choo kichafu kinaleta kuhara na minyoo, na uongozi wa hosteli una kila sababu ya kulaumiwa. Lakini kilichokuponza wewe ni kile ulichokifanya kwa kukiogopa choo, yaani kuacha kunywa maji na kujibana kutwa nzima. Kibofu kinajisafisha kwa kukojoa. Bakteria wachache wakiingia na mkojo ukawasukuma nje kila baada ya saa tatu au nne, hawapati muda wa kuzaana. Wewe umewapa siku nzima, tena katika joto la mwili. Ni adha ile ile ninayoiona kwa wanafunzi wa kike wa sekondari, kwa wauza duka wasio na choo jirani, na kwa abiria wa mabasi ya mbali wanaoogopa kumwomba dereva asimame.

Kuhusu hayo mambo ya wanaume, ni kweli kwamba tendo la ndoa huwasukuma bakteria kuelekea kwenye mrija wa mkojo, hata kwa mwanamke mwenye mume mmoja na mwaminifu. Hilo halifanyi maambukizi ya kibofu kuwa ugonjwa wa zinaa, na mhudumu wa afya anayekutazama kwa jicho baya kwa sababu hiyo hajui kazi yake. Lakini mwambie ukweli kama umechelewa siku zako, maana ujauzito hubadili uchaguzi wa dawa.

Sasa dawa. Sikushauri uende duka la dawa ukataje jina. Nakutajia ili ujue unachopewa. Dawa ninayoanza nayo ni nitrofurantoini, miligramu 50 mara nne kwa siku au zile za kuyeyuka polepole za miligramu 100 mara mbili kwa siku, kwa siku tano, pamoja na chakula ili isikuchafue tumbo. Itaugeuza mkojo wako kuwa wa kahawia kama chai ya rangi, usitishike. Haifai kwa mwenye figo dhaifu, wala kwa mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ya kurithi ambayo si adimu katika maeneo ya malaria na ambayo huweza kusababisha chembe nyekundu za damu kuvunjika. Septrini ilikuwa dawa nzuri enzi zetu za mafunzo, lakini bakteria wengi wa hapa nchini wameshaizoea, kama walivyoizoea ampisilini. Sipro ni ya kuhifadhiwa kwa maradhi mazito zaidi, na mwongozo wa antibaotiki wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 umeiweka katika kundi la dawa za kutumiwa kwa uangalifu, wakati nitrofurantoini imo katika kundi la kuanzia. Azithromaisini, ambayo watu huinunua kama pipi, si dawa ya ugonjwa huu. Usinunue vidonge viwili viwili kwa kupunguza gharama. Dozi ni ya siku tano hata kama siku ya pili umeshapata nafuu, nayo nafuu hiyo kwa kawaida huja haraka. Ikipita siku ya tatu bila nafuu, ndipo mkojo uoteshwe.

Ukipata homa, baridi ya kutetemesha, kutapika, au maumivu ya mgongo upande mmoja chini ya mbavu, usingoje kesho. Hizo ni dalili kwamba maambukizi yamepanda kwenye figo, na nitrofurantoini haifiki huko kwa kiwango cha kutosha.

Kwa siku zijazo, kunywa maji mpaka mkojo uwe mweupe au wa njano hafifu. Mwaka 2018 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanywa kwa wanawake 140 waliokuwa wakiugua mara kwa mara: walioongeza lita moja na nusu ya maji kwa siku waliugua wastani wa mara 1.7 kwa mwaka, na wenzao wasioongeza mara 3.2. Ukichamba, maji na mkono vitoke mbele kwenda nyuma. Usijisafishe ndani ya uke kwa sabuni, limau wala marashi. Kukojoa baada ya tendo la ndoa ushahidi wake si mkubwa, ila hakuna hasara.

SWALI: Daktari, nina ujauzito wa wiki 22, kliniki yetu iko Tanga. Nilipimwa mkojo nikaambiwa una bakteria, nikapewa dawa za siku saba. Sina maumivu yoyote. Mama mkwe anasema dawa zitamdhuru mtoto na nisizinywe, maana hata wewe uliwahi kuandika kwamba asiye na dalili hatibiwi.

JIBU: Niliandika hivyo, na nimekariri hapo juu, lakini mjamzito nilimtoa katika hesabu. Homoni za ujauzito hulegeza mirija inayoleta mkojo kutoka kwenye figo, na mji wa mimba unavyokua huibana, mkojo ukawa unapita kwa uvivu. Bakteria waliokuwa kimya kwenye kibofu hupata njia ya kupanda, na kati ya wajawazito wenye bakteria hao wasiotibiwa, 20 hadi 30 katika kila 100 huishia kuugua figo. Homa ya figo katika ujauzito ni ya kulazwa, na huweza kuleta uchungu kabla ya wakati.

Hofu ya mama mkwe si ya kudharauliwa, kwa sababu zipo dawa zinazokatazwa. Sipro na doksisaiklini hatuwapi wajawazito. Septrini huepukwa katika miezi mitatu ya mwanzo na karibu na kujifungua, wala haichanganywi na vidonge vya SP mnavyopewa kliniki kwa ajili ya malaria. Nitrofurantoini inafaa kwa wiki zako, ila si karibu na kujifungua. Amoksilini yenye klavulaneti na sefaleksini hutumika kwa usalama. Angalia jina kwenye pakiti, ulinganishe na haya, na kama bado una wasiwasi rudi kwa muuguzi wako pamoja na mama mkwe mwenyewe. Wiki moja hivi baada ya kumaliza dozi mkojo upimwe tena, na majibu yaandikwe kwenye kadi.

SWALI: Assalaam alaykum, Daktari. Mwanangu wa kiume ana miaka 11, tuko Pemba. Wiki mbili hizi mkojo wake ukikaribia kwisha unatoka na damu. Amepewa antibaotiki mara mbili bila mafanikio. Hana homa, anacheza kama kawaida.

JIBU: Waalaykum salaam. Ndugu yangu, damu inayotoka mwisho wa mkojo kwa mtoto wa umri huo ni kichocho mpaka kithibitike kingine, na antibaotiki hazikigusi kwa sababu kisababishi chake si bakteria bali ni mnyoo. Anaishi kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu, na mayai yake yenye mwiba hutoboa ukuta wa kibofu ili yatoke na mkojo. Mkojo ukiingia mtoni au bwawani, yanaanguliwa na kuingia ndani ya konokono wa majini, kisha vijidudu vinavyotoka kwa konokono hupenya ngozi ya mtoto mwingine anayeoga. Daktari Mjerumani Theodor Bilharz ndiye aliyemwona mnyoo huyo Cairo mwaka 1851. Zipo jamii za Afrika zilizoihesabu damu hiyo kuwa ni dalili ya mvulana kubalehe, jinsi ilivyokuwa jambo la kila nyumba. Unguja na Pemba zimepigana na kichocho kwa miaka mingi na kimepungua sana, ila hakijatoweka, hasa jirani na vijito na mabonde ya mpunga.

Mpeleke apimwe mkojo kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, muda ambao mayai hutoka kwa wingi. Mwambie arukeruke kidogo kwanza, na hapa achukue mkojo wa mwisho badala ya wa katikati. Dawa ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, kwa mkupuo mmoja, baada ya kula. Haiwaui minyoo wachanga, kwa hiyo huenda akahitaji kurudia baada ya wiki kadhaa. Kama ana dada wanaochota maji au kuoga hapo hapo, nao wapimwe, kwani kwa wanawake mayai hayo huvamia hata mlango wa kizazi, na huko nako hutibiwa kwa jina la U.T.I. Kichocho kisichotibiwa kwa miaka huharibu figo na huweza kuleta saratani ya kibofu.

SWALI: Daktari, mimi ni mzee wa miaka 63, Mombasa. Nakojoa kwa kusukuma, mkojo hauna nguvu, usiku naamka mara nne, na mwaka huu umeniuma mara mbili nikapewa dawa za U.T.I nikapona. Je, ni sawa?

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Kupona ni sawa, ila haikutosha. Mwanamume, kwa urefu wa mrija wake, hapati maambukizi haya kwa urahisi, na akiyapata mara mbili kwa mwaka lazima tuulize ni nini kinachouzuia mkojo usitoke wote. Kwa umri wako na maelezo yako, wa kwanza kushukiwa ni tezi dume iliyotanuka. Kibofu kisichokauka huwa kama dimbwi, na maji yaliyotuama hayakosi wadudu. Omba upimwe kwa altrasaundi mara tu baada ya kukojoa ili uonekane mkojo uliobaki, upimwe sukari na figo, na tezi ikaguliwe kwa kidole, jambo ambalo wazee wengi hulikimbia ingawa halichukui hata dakika. Kipimo cha damu cha tezi dume kisifanywe wakati una maambukizi, kwani hupanda chenyewe na kukutia hofu isiyo na sababu. Mkojo ukigoma kabisa kutoka na tumbo la chini likajaa, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Na ukiona damu kwenye mkojo bila maumivu yoyote, usifurahi kwamba haiumi. Hiyo inahitaji uchunguzi wa saratani.

SWALI: Je, mume naye anywe dawa mke akiwa na U.T.I? Na ni kweli kwamba madafu yanatibu?

JIBU: Kwa maambukizi ya kibofu, mume hahitaji kutibiwa. Anayepaswa kutibiwa pamoja na mwenzake ni mwenye kisonono, klamidia au trikomonasi, maradhi ambayo nayo huchoma wakati wa kukojoa, lakini kwa kawaida huja na uchafu kutoka ukeni au usaha kutoka uumeni. Wote wawili wakilalamika kuchomwa kwa wakati mmoja, mimi hufikiria hayo kwanza. Madafu ni maji mazuri na yataongeza mkojo kama maji yoyote yale, ila hayaui bakteria. Yanywe pamoja na dawa kama unayapenda, isipokuwa uwe na ugonjwa wa figo, kwa kuwa yana potasiamu nyingi ambayo figo dhaifu hushindwa kuitoa.